Mwalimu Bernadina Tluway na Swali la Atomi Inayosinyaa

Ijumaa ya tarehe 12 Septemba 2014, Mwalimu Bernadina Tluway alitimiza miaka sitini na utumishi wake ukafika mwisho. Amefundisha Kemia kwa miaka thelathini na miezi minane. Kati ya hiyo, ishirini na sita na ushei ameitumia hapa hapa Sekondari ya Gidasimo, wilayani Hanang. Alikuja wakati shule ina madarasa mawili ya tofali za kuchoma na choo kimoja kisicho na mlango.

Nilipopewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa ajili ya sherehe yetu, aliniomba nisizidishe ukurasa mmoja. Nimekataa. Tangu hapo amepita mara tatu nyuma ya kiti changu, akijifanya anatafuta chaki.

Alizaliwa Daudi, upande wa juu wa Mbulu, mtoto wa tatu wa wakulima wa mahindi, maharage na pareto. Alisoma ualimu, akaanza kazi Mbulu Januari 1984, na mwaka 1988 akahamishiwa huku chini kwetu, kwenye upepo na vumbi la ngano. Ndugu zake walimhurumia. Yeye alifika na godoro, sufuria mbili na Jedwali la Elementi alilolichora mwenyewe nyuma ya kalenda ya kanisa.

Hajawahi kutulia. Hili tuliseme wazi kwa sababu wote tunalijua. Kikao cha walimu hukihudhuria akiwa amesimama karibu na dirisha. Akisahihisha madaftari huzunguka meza. Wanafunzi walimpa jina la Elektroni, na alipolisikia hakukasirika. Alitaka tu kujua ni nani aliyelianzisha, na kama mtu huyo anaweza kueleza kwa nini elektroni haianguki kwenye kiini. Hakuna aliyejitokeza.

Mimi nilifika hapa mwaka 1995, mwalimu mpya wa Jiografia. Ofisi ya walimu ilitenganishwa na Kidato cha Tatu kwa ubao mwembamba, kwa hiyo somo lake nililisikia lote, nitake nisitake. Ndivyo nilivyosikia swali la Helena.

Helena Gidamis alitoka kwenye familia ya wafugaji, upande wa Getanuwas. Alikuwa na akili nyingi na maneno machache, na alipozungumza alifunika mdomo kwa kiganja, kwa sababu meno yake yalikuwa ya kahawia na wenzake wa mlimani walimcheka. Siku hiyo Mwalimu Bernadina alikuwa akifundisha mwelekeo wa elementi kwenye jedwali. Aliwaandikisha kwamba ukitoka kushoto kwenda kulia kwenye mstari, atomi zinapungua ukubwa. Helena akanyoosha mkono.

"Mwalimu, samahani. Lithi ina elektroni tatu. Florini ina tisa. Gunia ukiliongezea mahindi linavimba. Kwa nini atomi inasinyaa?"

"Ndio mwelekeo wa jedwali, Helena."

"Huo mwelekeo umetoka wapi?"

Chaki ikatua mezani. Mimi mwenyewe niliacha kuandika. Kisha nikasikia sauti ya Mwalimu Bernadina, ya chini kuliko kawaida yake.

"Sijui. Kaa chini. Nitatafuta."

Aliingia ofisini kabla ya kengele, uso umemshuka. Mkuu wetu wa shule wakati ule, Mwalimu Gervasi, naye alikuwa amesikia yote.

"Mwalimu hawezi kusema hajui mbele ya watoto," alimwambia. "Kesho watauliza nini?"

"Watauliza swali la pili," alijibu, akaendelea kuzunguka meza.

Baadaye aliniambia kilichomuuma. Sentensi ile alikuwa ameifundisha miaka kumi na moja. Wanafunzi waliikariri, waliiandika kwenye mtihani, walipata alama, na hakuna hata mmoja, yeye akiwemo, aliyejua kwa nini ni kweli. Alisema alijiona kama mtu anayegawa ufunguo wa nyumba ambayo hajawahi kuingia.

Tulikuwa na vitabu vitatu vya Kemia, na vyote vilisema alichosema yeye. Alimwandikia barua mwenzake wa chuoni, hakujibiwa. Jumamosi ya wiki ya pili alipanda basi la Babati kumtafuta Mzee Bonaventura, aliyekuwa mkufunzi wake, ambaye baada ya kustaafu alikuwa akifuga nyuki. Alimkuta kwenye mizinga, na mzee hakukubali kuiacha kazi. Mwalimu Bernadina aliuliza swali lake akiwa amejifunga kanga usoni, nyuki wakimzunguka.

"Umehesabu elektroni tu," mzee alimwambia. "Kiini umekisahau."

Akamweleza. Kila elektroni moja inapoongezeka kwenye mstari ule, protoni moja nayo inaongezeka kwenye kiini. Elektroni zile mpya zinakaa kwenye tabaka lile lile la nje, kwa hiyo hazizibiani vizuri mvuto wa kiini. Kiini kinapata nguvu, na tabaka lote linavutwa ndani. Atomi inasinyaa. Ukishuka mstari wa chini ndipo tabaka jipya linafunguliwa, mbali zaidi, na matabaka ya ndani yanakinga ule mvuto. Atomi inakuwa kubwa tena, na elektroni yake ya nje inachukulika kirahisi. Ndiyo maana potasiamu ikiguswa na maji ina hasira kuliko sodiamu, na sodiamu kuliko lithi.

Alirudi Jumapili jioni juu ya lori, macho mekundu kwa vumbi, jicho moja limevimba kwa kuumwa na nyuki. Jumatatu asubuhi kulikuwa na baridi ile ya mwisho wa Julai. Tulipotoka mstarini tukaona moto katikati ya uwanja na Kidato cha Tatu wote nje.

Moto ulikuwa kiini. Aliwaweka wanafunzi watatu: wawili karibu, mmoja nyuma yao. Hiyo ni lithi, akasema. Yule wa nyuma alilalamika kwamba wenzake wanamziba. Kisha kila alipoongeza mwanafunzi kwenye ile safu ya nyuma, aliongeza na ukuni mmoja motoni. Waliosimama safu moja hawakuzibana, na moto uliendelea kukua. Bila kuambiwa, wote wakaanza kusogea mbele na kunyoosha mikono. Walipofika saba kwenye safu ile, duara lilikuwa dogo kuliko la mwanzo.

"Mnaona?" alipaza sauti. "Watu wameongezeka, duara limepungua!"

Mwanafunzi mmoja, Julius, akasema, "Lakini Mwalimu, moto ukizidi mtu anarudi nyuma."

"Kweli kabisa. Mfano wangu unachechemea. Kiini hakichomi, kinavuta tu. Andika hivyo pia."

Walicheka. Mwalimu Gervasi, aliyekuwa amekuja kuuliza ni nani aliyeruhusu kuni za jikoni zitumike, aliishia kusimama na kuota moto.

Helena hakucheka. Alikuwa bado anafikiri.

"Kwa hiyo kwenye mstari huu florini ndiyo inayovuta kuliko zote?"

"Kuliko zote kwenye jedwali zima. Inatafuta elektroni moja tu ijaze tabaka lake la nje, na kiini chake kiko karibu. Ikiipata haiachii. Hapo inaitwa floraidi."

"Ndiyo hiyo iliyoko kwenye maji yetu?" Kiganja kilikuwa mdomoni. "Daktari wa meno aliyepita kijijini kwetu alisema ni floraidi imetuharibu."

Wengi hawakuona Mwalimu Bernadina alivyobadilika. Mimi niliona, kwa sababu nilijua kitu. Kwa miaka saba alikuwa akiwaambia watoto wa tambarare kwamba hawajui kusafisha meno. Alikuwa akiwapa mkaa wasugue. Helena mwenyewe alikuwa amesugua mpaka fizi zikatoka damu.

"Nisamehe," alimwambia, mbele ya darasa zima. "Nilikulaumu kwa kosa la maji."

Kuanzia siku ile hakuwa na amani na maji ya wilaya hii. Alisoma kila karatasi aliyoipata. Aligundua kwamba jambo lenyewe ni lile lile la mpangilio wa elektroni. Florini ni ndogo kwa sababu kiini chake kinavuta sana, na hata ikishachukua elektroni yake haikui sana. Ukubwa wake unakaribiana na wa kijisehemu kimoja cha oksijeni na haidrojeni kilichomo kwenye jino na mfupa, na chaji yao ni moja. Kwa hiyo inaingia mahali pake bila kupiga hodi. Kwa mtoto ambaye meno yake bado yanajengwa chini ya fizi, maji ya kisima chenye floraidi nyingi yanaandika kahawia isiyosugulika. Na mtu akiyanywa maisha yote, mifupa nayo inakakamaa. Sisi sote tunawafahamu wazee wa kwetu ambao hawawezi kugeuza shingo.

Helena alimaliza Kidato cha Nne na kufaulu Kemia, akaolewa Getanuwas na kupata kazi ya uhudumu wa zahanati. Miaka ile ilikuwa ya mabadiliko mengi. Mashamba makubwa ya ngano yalisuasua, wazazi waliokuwa vibarua walirudi nyumbani, duka la mtu binafsi likafunguliwa mahali palipokuwa na duka la ushirika. Mwaka 2002 Mkoa wa Manyara ukazaliwa, na barua zetu zikaanza kwenda Babati badala ya Arusha. Kulikuwa na matumaini. Na mwaka uliofuata, wafadhili wakatuchimbia kisima kirefu ndani ya uwanja wa shule.

Mtu ambaye hajaishi hapa hawezi kujua furaha ile. Wanawake walikuwa wakitembea saa mbili kwenda bwawani na saa mbili kurudi. Siku pampu ilipotapika maji kwa mara ya kwanza, akina mama walipiga vigelegele na Mzee Joakimu, mwenyekiti wa kijiji, alilowana koti lake la sherehe akawa hajali. Siku hiyo hiyo Mwalimu Bernadina alijaza chupa mbili na kupanda basi kwenda maabara.

Majibu yalirudi wiki ya uzinduzi rasmi wa kisima. Floraidi ilikuwa miligramu sita kwa lita. Kwa kiwango kilichokuwa kikitumika nchini wakati ule, karatasi iliandikwa kuwa maji yanafaa. Lakini yeye alikuwa ameshasoma kwamba wataalamu wa dunia wanashauri isizidi moja na nusu. Alisimama kwenye mkutano wa kijiji akasema watoto wasiyanywe.

Sijawahi kuona watu wakikasirika namna ile.

"Mwalimu," Mzee Joakimu alisema, "mke wangu ana miaka hamsini na mbili. Unataka nimwambie aendelee kutembea kwa sababu ya rangi ya meno?"

"Si rangi tu, mwenyekiti. Ni mifupa ya wajukuu zako."

Mama mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Meno ya kahawia hayaui! Kiu ndiyo inaua!"

Mwalimu Bernadina alikunja karatasi yake akaondoka. Aliniambia njiani kwamba yule mama alikuwa amesema kweli, na hilo ndilo lililomfanya atembee haraka hivyo. Kwa wiki kadhaa kuna watoto waliompita bila shikamoo. Kwetu hilo si jambo dogo, maana mtoto hanyimi mtu shikamoo bila kufundishwa nyumbani. Alianza kukonda.

Kisha jibu likamjia kutoka mahali pale pale tatizo lilipotoka. Kama floraidi inapenda mfupa, basi ipewe mfupa. Alijifunza kwamba mifupa ya ng'ombe ikichomwa kwenye hewa kidogo mpaka iwe mkaa mweusi, ikasagwa na kuwekwa kwenye pipa, maji yakipita humo yanaacha floraidi nyuma.

"Tunaipa mifupa ya ng'ombe," aliwaambia wazazi, "ili iache ya mtoto."

Hawakufurahi. Wazee wa wafugaji waliuliza ni ng'ombe wa nani, na amekufa kwa nini. Wengine walitaka kuhakikishiwa kwamba hakuna mfupa wa nguruwe humo. Akakubali masharti yote. Mifupa ilitoka kwenye machinjio ya kijiji tu, na tanuri lilijengwa mahali ambapo kila mtu angeweza kuona.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu. Mifupa haikuiva, na maji yalinuka supu iliyolala siku tatu. Mwanafunzi mmoja alitapika mbele ya mgeni kutoka halmashauri. Mwalimu Gervasi aliamuru pipa litolewe jikoni. Jaribio la pili moto ulizidi, mifupa ikawa myeupe kama chokaa, na vipimo vikaonyesha kwamba haikukamata floraidi ya kutosha. La tatu mvua ililoanisha tanuri. Kila mara chupa zilisafiri kwa basi kwenda maabara, mikononi mwa kondakta, na kila mara alingoja wiki mbili akizunguka meza ya ofisi mpaka nikamwomba atembelee darasa lolote lisilo na mwalimu.

Majibu ya jaribio la nne yalikuja Machi 2004. Sifuri nukta nane. Aliisoma karatasi akiwa amesimama, akaisoma tena, akanikabidhi mimi niisome kwa sauti. Halafu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, akaketi.

Kwa siku nne hakuna mtu wa kijijini aliyekuja kuchota. Walimu tulikunywa, wanafunzi walikunywa, pipa lilisimama. Siku ya tano akaja mwanamke na mtoto mgongoni na dumu mkononi. Alikuwa Helena. Alikuwa ametembea kutoka Getanuwas.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Helena. Umekuja na nani?"

"Na Mary. Ana miezi minane." Alilijaza dumu, akanywa kwanza mwenyewe, kisha akamgusishia mtoto maji midomoni. "Huyu hatafunika mdomo," alisema.

Akina mama waliokuwa kwenye pampu walimsikia. Jioni ile yule mama wa kwenye mkutano alileta ndoo yake, na Mwalimu Bernadina akamjazia mwenyewe.

Leo tuna mapipa manne. Watoto waliokunywa maji yale tangu wakiwa wadogo wako shule ya msingi jirani, na mtu yeyote anaweza kwenda kuwaangalia wakicheka. Haki inanidai niseme pia kwamba vijiji viwili tulivyovisaidia viliacha kubadilisha mifupa baada ya mwaka mmoja, na mapipa yao sasa yanahifadhi pumba. Hilo bado linamkera. Aliniambia nisipoliandika atalisema mwenyewe kwenye sherehe.

Ametuachia maabara ya kweli, iliyojengwa kwa nguvu za wazazi mwaka 2008. Shule za kata zilipofunguliwa bila walimu wa sayansi, alifundisha mbili kati yake kila Jumamosi kwa miaka mitatu. Wapo wauguzi, mafundi wa maabara, mabwana mifugo na walimu waliopita mikononi mwake. Ametuachia pia wasiwasi. Tuliomba mwalimu mwingine wa Kemia tangu Machi, na mpaka ninapoandika hajafika.

Kipindi chake cha mwisho kilikuwa siku ile ile ya kuzaliwa kwake, Kidato cha Tatu. Kengele ililia akiwa katikati ya ubao. Aliendelea. Mwalimu wa kipindi kilichofuata alisimama mlangoni na hakuingia. Alipomaliza alifuta ubao mwenyewe, akageuka.

"Swali?"

Hakuna aliyenyoosha mkono. Nadhani walikuwa wakijizuia kulia, lakini yeye hakulielewa hivyo.

"Haiwezekani darasa zima likose swali!" alifoka. "Jumatatu mje na maswali." Akatoka.

Jumatatu hakuwa mtumishi tena. Alikuwa kwenye nyumba ya shule akifunga mizigo, kwa sababu lori la kumpeleka Daudi lilikuwa lifike Jumanne asubuhi. Nilikuwa nikimsaidia kukunja godoro tulipowaona wakija, wanafunzi thelathini na wanane kwenye mstari mmoja, madaftari kifuani. Konsolata, kiongozi wa darasa, alibisha mlango uliokuwa wazi.

"Shikamoo, Mwalimu. Ulisema Jumatatu tuje na maswali."

"Marahaba. Mnayo mangapi?"

"Kumi na moja, Mwalimu."

Alinitazama mimi, akatazama mizigo, akaanza kufungua kamba aliyofungia viti. Lori lilikuja Jumanne likarudi bila yeye. Anaondoka leo, Jumamosi, baada ya sherehe.

Mwalimu Bernadina, kwa niaba ya walimu, wanafunzi, wazazi na kila mtoto wa tambarare hii anayecheka mdomo wazi, asante. Hatukuambii upumzike, kwa sababu hutatusikiliza. Nenda Daudi ukiwa na afya, mvua ikunyeshee kwa wakati, maharage yako yakubali, na Mungu akupe majirani wenye maswali magumu.

Rogathe Emanuel
Kwa niaba ya Walimu, Sekondari ya Gidasimo
27 Septemba 2014